Kurekebisha kosa la kubiti kwa Qiskit, hatua kwa hatua

Karibuni. Leo tunajenga saketi inayoilinda kubiti moja (biti ya kompyuta ya kwantamu, inayoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1) isigeuzwe. Fungua Qiskit (maktaba ya Python ya kuandika saketi za kwantamu) pamoja na kiigaji chake, Aer, utengeneze kubiti 5: namba 0, 1 na 2 zibebe data, 3 na 4 zichunguze. Ongeza rejista ya biti 2 za dalili (zitakazoonyesha kosa liko wapi), na nyingine ya biti 1 ya jibu la mwisho.

Weka geti ry, inayozungusha hali ya kubiti, ya radiani 1.0 kwenye kubiti 0, ili tulinde hali mchanganyiko na siyo 0 tupu. Kisha cx (hugeuza kubiti ya pili pale ya kwanza ikiwa 1) kutoka 0 kwenda 1, na cx kutoka 0 kwenda 2. Sasa tia kosa makusudi: geti x, inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, kwenye kubiti 1.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Wanapima kubiti za data waone ipi imegeuka, na papo hapo hali mchanganyiko inapotea. Sisi tunauliza tu kama mbili zinafanana, thamani zao hatuzigusi. Weka cx kutoka 0 na 1, zote ziingie 3. Halafu kutoka 1 na 2, ziingie 4. Pima 3 iingie biti ya dalili 0, na 4 iingie biti ya dalili 1.

Soma dalili kama namba: 0, hakuna kosa, 1, imegeuka kubiti 0, 3, ni kubiti 1, 2, ni kubiti 2. Angalia vizuri hizo mbili za mwisho, zinachanganya sana. Tumia if_test, sharti la Qiskit linalosoma dalili, kuweka x kwenye kubiti iliyogeuka.

Hakiki: cx 0 kwenda 2, cx 0 kwenda 1, ry ya -1.0, kisha pima kubiti 0. Endesha mara 1,000. Zote zitoe 0.

Ukigeuza kubiti 0 na 1 kwa pamoja, dalili itasema 2, saketi itageuza kubiti 2 isiyo na kosa, na jibu la 0 litashuka hadi takriban asilimia 71. Kosa likija kwa uwezekano wa 0.01 kwa kila kubiti, kushindwa kwa aina hii, yaani kubiti mbili au zaidi za data zikigeuka, hutokea kwa takriban 0.0003 badala ya 0.01, na hiyo ndiyo faida yetu.

Jaribu sasa z, geti inayogeuza alama ya sehemu ya 1 kutoka chanya kuwa hasi, badala ya x. Dalili inabaki 0 kana kwamba mambo ni shwari, huku jibu la 0 likianguka hadi asilimia 29 hivi. Ili kunasa z, weka h, geti inayofanya z ionekane kama x na x kama z, kwenye kubiti zote tatu za data kabla ya kosa na tena baada yake. Lakini x nayo sasa itapita bila kuonekana. Kuzinasa zote mbili, Peter Shor alitumia kubiti 9 mwaka 1995.