Shahada ya Historia na Fuvu la Kalenga

SEKELA: Karibu msikilizaji, iwe uko Iringa, Mbeya, Njombe au mbali zaidi. Mimi ni Sekela, na niko na Mwalimu Lusajo, ambaye aliisoma historia chuo kikuu na sasa anaifundisha kidato cha tano na sita. Msimu huu wa kuomba vyuo, wahitimu wa HKL na HGL, yaani michepuo ya kidato cha sita yenye somo la historia, wanatuuliza swali moja: je, anayeichagua historia kuwa somo lake kuu kwa miaka mitatu anakwenda kujifunza nini ambacho hakukipata sekondari?

LUSAJO: Ahsante, Dada Sekela. Anakwenda kujifunza kuhoji ushahidi. Mwanafunzi anatoka kwetu akiwa na uwezo wa kutaja sababu sita za Vita vya Maji Maji, kila sababu na aya yake, kwa kuwa ndivyo mtihani unavyosahihishwa. Chuoni anakutana na mhadhiri anayemwuliza kila sababu imetoka wapi, ni nani aliyeisema, lini, na alikuwa na maslahi gani katika kuisema hivyo. Muhula wa kwanza wengi hudhani mhadhiri huyo ana chuki nao.

SEKELA: Tupe mfano wa hapa hapa nyumbani, Mwalimu.

LUSAJO: Twende Kalenga, karibu na mji wa Iringa, kwenye makumbusho, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya sanduku la kioo. Sote tunaijua simulizi: aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaangushwa mwaka 1894, akapigana msituni hadi alipojiua mwezi Julai 1898, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huishia hapo. Wa mwaka wa tatu anapaswa kufungua Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita, na kujiuliza Waingereza walilitakia nini.

SEKELA: Na walilitakia nini?

LUSAJO: Aliyelipendekeza ni Horace Byatt, msimamizi wa Kiingereza wa nchi hii iliyokuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza katika vita hivyo, kwa hiyo kurudishwa kwa fuvu kungewafurahisha na kungeonyesha kwamba enzi ya Mjerumani imekwisha. Basi hati inayosomeka kama tendo la haki ni pia hati ya siasa ya mkoloni mpya, na mwanafunzi anatakiwa aziandike hoja zote mbili bila kuifuta mojawapo.

SEKELA: Lakini fuvu lilifika mwezi Juni 1954, miaka thelathini na mitano baada ya mkataba.

LUSAJO: Ndiyo, na hapo ndipo patamu. Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, palipokuwa na mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akalichagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kwa mizani ya leo, vipimo vya namna hiyo ni ushahidi dhaifu. Isitoshe, TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya sherehe ya Kalenga, nami ningependa mwanafunzi achunguze serikali ilikuwa ikitafuta nini kwa machifu wakati ule.

SEKELA: Mwalimu, ukiyasema hayo mbele ya wazee wa Kihehe, si utafukuzwa?

LUSAJO: Inategemea unavyoyasema. Kulitilia shaka fuvu si kuitilia shaka heshima ya Mkwawa, na mwanahistoria asiyeweza kuvitenganisha viwili hivyo mbele ya wazee bado hajaiva. Mimi ningewauliza wazee swali gumu zaidi: kwa nini mwaka 1905 Wahehe walibaki upande wa Mjerumani, ilhali Wangoni wa Songea waliingia kwenye Maji Maji?

SEKELA: Kijana wa miaka ishirini na mbili ana uwezo wa kulibeba swali zito kiasi hicho?

LUSAJO: Anao. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee ambao baadhi yao walikuwa wameviona vita vyenyewe. Masimulizi hayo yanatumiwa na watafiti hadi leo.

SEKELA: Na ajira? Wazazi watatulaumu tukilikwepa hilo.

LUSAJO: Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi, na ajira za serikali huwatanguliza wa sayansi, sitamdanganya mtu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeongeza mahitaji kidogo. Wengine huingia kwenye makumbusho, utalii, uandishi wa habari na utunzaji wa nyaraka. Anayetaka uhakika wa mshahara asome kitu kingine.

SEKELA: Aliyekwisha kuamua aanzie wapi?

LUSAJO: Aichague mapema mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho ambayo ushahidi wake uko karibu, maana mafaili ya ukoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nauli na malazi humshinda mwanafunzi anayeishi kwa mkopo. Kwa aliye Iringa, kwa mfano, hapo karibu Tosamaganga kuna misheni tangu mwishoni mwa karne ya 19, anaweza kuanza kuulizia huko. Likizo hii amkalishe babu yake na kumhoji, akiandika jina lake, mahali, tarehe, na hasa jina la mtu aliyemsimulia babu habari hiyo. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na bila hilo msimamizi wa utafiti atamrudisha kijijini.