Dagaa Wanasafiri, Mtoto Anadumaa

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, poleni na kuanika.

Asubuhi nimepita Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma. Vichanja vimejaa dagaa, magunia yanafungwa kwenda Dar es Salaam, na pembeni mtoto anakunywa uji mtupu wa muhogo. Mhadhara wangu wote umo kwenye kikombe kile.

Mtoto huzaliwa na ubongo wa gramu kama 350. Wa mtu mzima unakaribia 1,400, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hupatikana kabla hajatimiza miaka miwili. Muhogo unampa nguvu ya kulia na kucheza, lakini protini yake ni haba mno. Basi mwili unabana matumizi: unaacha kurefuka. Deni lake hudaiwa darasani, halafu kazini.

Nisiwe mpiga ramli. Kule Guatemala, kuanzia 1969, watafiti waliwapa watoto wa vijiji fulani uji wenye protini; vijiji vingine vikapewa kinywaji kitamu kisicho nayo. Wakawatafuta tena wakiwa watu wazima. Wanaume waliounywa uji ule miaka miwili ya mwanzo ya maisha yao walikuwa na ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46 hivi. Walioanza kuunywa wakiwa wameshatimiza miaka mitatu? Ujira haukutikisika. Sisi tunahesabu reli na lami, uji hatuuhesabu.

Najua mtaniuliza: watoto wote wakishiba na kupona, idadi ya watu si itazidi? Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7, na kila mwenye kipaza sauti anawalaumu kina mama. Aliyezika watoto wawili hapangi uzazi kwa kusomewa bango. Akishaona wanapona ndipo hupunguza, tena polepole. Hapo katikati watu huongezeka kwanza.

(Mama mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, dagaa hao ndio sare na madaftari. Nikiwalisha, nitauza nini?”)

Swali zuri, mama, na sikuambii ufunge biashara. Mtoto akishatimiza miezi sita, chukua kiganja kimoja tu. Osha mchanga, kausha, twanga na mifupa yake, maana madini ya chokaa yamo humo. Tia kwenye uji na kijiko cha mawese mekundu, yana vitamini A. Chai usimpe, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kiganja kimoja, mama. Mnunuzi wa Dar hata hatakigundua.