Saa ya maji na saa ya baraza

Asalaam alaykum warahmatullah. Mama zangu, dada zangu, na nyie vijana wa kiume mliokaa kule karibu na mlango, sogeeni mbele jamani, nafasi ipo. Nashkuru sana kwa kuniita. Nliomba tukutane saa kumi hivi, watu wakishasali alasiri, na si baada ya isha kama tulivozoea hapa Chake, na kuna watu wamenipigia simu kuniuliza kwa nini, mana mazungumzo ya siasa kwetu yana wakati wake na wakati wake ni usiku. Bas, hiyo saa ndo mada yangu. Waandaaji wameandika kwenye tangazo kwamba ntazungumzia mambo mawili, mwanasiasa kuwafikia watu asiowajua, na kulea ukiwa mjumbe wa baraza. Mie naona ni jambo moja na ntawaeleza kwa nini.

Kwa asiyenijua, mie mzaliwa wa Makunduchi, nimeolewa huku Pemba miaka mingi, na nshawahi kuwa diwani kipindi kimoja. Baraza gani na mwaka gani sitaji, wenzangu wengi wapo na sikuja kumsema mtu. Niliingia na mtoto wa miezi minne.

Sasa kuna siku moja ajenda ilikuwa mifereji ya maji ya bomba. Mmoja ulikuwa uende shehia ambayo mie ndo niliyeisemea tokea mwanzo, mana kina mama wa kule walikuwa wanateka maji kisimani, wanaondoka alfajiri na ndoo, na nliwaahidi kwa mdomo wangu. Mwanangu nilikuwa naye mapajani, kanyonya, kalala. Mjumbe mmoja kasimama kuchangia kwa sauti kubwa, mtoto kashtuka, kaanza kulia. Mwenyekiti hakunitukana, kanyamaza tu kanitazama, kisha kasema "Mheshimiwa, tunaomba utulivu ukumbini." Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, pale panapowekwa ndoo na mafagio, nikajifunika kanga nikamnyonyesha, na dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa changu kwaiyo nasikia kila neno. Nikasikia mtu katoa hoja mfereji ule uhamishwe. Nikasikia "wanaoafiki waseme ndio". Ndio. "Wasioafiki." Kimya. Yaani sauti yangu peke yake ndo ilikuwa ya kusema siyo, na mie niko nje ya dirisha na mtoto kifuani, ningepiga ukelele isingehesabiwa mana siko ndani. Mtoto aliendelea kunyonya. Wale kina mama waliendelea kwenda kisimani na mie ndo nliyekwenda kuwaambia.

Nimelibeba hilo miaka yote. Sikulia kwa kutolewa, nililia kwa ule mfereji.

Na msidhani ni kwetu tu. Agosti 2019, tarehe 7, Nairobi, Bi Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bungeni na mtoto wake wa miezi mitano akaamriwa atoke. Kwale si mbali, ni hapo ng'ambo, Shimoni na Vanga kuna jamaa zetu wa Kipemba tele. Alisema alikuwa na dharura, hana wa kumuachia, na Bunge halikuwa na chumba cha kumuweka mtoto. Aliyekuwa kwenye kiti akamwambia anaweza kurudi lakini bila ya mtoto. Wabunge wengine wanawake wakatoka naye. Sasa mwezi ule ule, Agosti 2019, kule New Zealand Spika Trevor Mallard alikaa kwenye kiti chake cha uspika, kamshika mtoto mchanga wa mbunge mmoja, anampa chupa ya maziwa huku anaendesha kikao. Na mbunge mwenyewe alikuwa baba, si mama. Kikao hakikuvunjika. Mwezi mmoja, mabunge mawili, mtoto ni mtoto yule yule anayelia na kunyonya, tafauti ni aliyekaa kwenye kiti alivoamua.

Na Januari ya mwaka huo huo London, mbunge Tulip Siddiq alikuwa na siku yake ya kufanyiwa operesheni ya uzazi, akaiahirisha ili apige kura ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, tarehe 15, akaletwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Baada ya hapo ndo wakaanzisha utaratibu wa mbunge aliyejifungua kupigiwa kura na mwenzake anayemchagua mwenyewe. Yaani mpaka mwanamke ahatarishe tumbo lake mbele ya kamera ndo kanuni ibadilike. Mie nikikumbuka ile ngazi ya nyuma nasema laiti ningekuwa na mtu wa kumwachia kura yangu, mtu mmoja tu.

Haya. Sasa niwapeleke ufukweni.

Nlipokuwa naomba udiwani nilikwenda kijiji kimoja upande wa Micheweni ambako sikuwa namjua mtu hata mmoja. Mie lafdhi yangu ya Makunduchi, wakinisikia tu wanajua huyu wa Unguja, huyu si wetu. Nikajitayarisha vizuri, nimekodi spika, nimeandika hotuba, nimeweka mkutano saa nne asubuhi nikijua kina mama watakuwa wameshamaliza kazi za nyumbani. Nafika, kuna wanaume kama kumi wamekaa dikoni wanashona nyavu, na watoto. Mwanamke hata mmoja. Nikadhani wamekatazwa kuja, wallahi nilidhani hivo, nikaanza kuwakasirikia waume zao moyoni. Kumbe ni bamvua. Siku za bamvua maji yanakupwa sana asubuhi, saa nne saa tano ndo bahari imekwenda mbali kabisa, na mkulima wa mwani hawezi kukaa nyumbani kusubiri diwani mana hayo maji hayasubiri, atafunga na kuvuna mwani wake saa hizo au asubiri bamvua jengine. Na wakulima wa mwani wengi sana ni wanawake, tokea kilimo hichi kishike kasi huku kwetu mwisho wa miaka ya 1980, na Pemba ndo inayotoa mwani mwingi kuliko Unguja. Kwaiyo mie niliyekuja kutafuta kura za wanawake niliweka mkutano saa ambayo wanawake wote wako baharini mpaka kiunoni. Kosa ni langu, sikuuliza.

Bi mmoja mtu mzima alikuwa amekaa chini ya mti wa mkungu, akaniita, akaniambia "Mwanangu, wewe umekuja na saa ya mkononi, huku tunakwenda na saa ya maji."

Na sikilizeni hapa, mana hapa ndo nataka mnisikilize. Yule bi alikuwa hakukaa bure pale. Alikuwa na watoto saba. Mmoja kalala kwenye kanga, wawili wanakula uji kwenye bakuli moja, mwengine kamshikilia goti, na kila mmoja mamaake yuko baharini anaonekana kwa mbali, na mtoto akilia sana yule bi anapunga kanga juu na mama mwenyewe anakuja. Hakuna aliyeandika kanuni. Kina mama wa mwani wasiokuwa na ofisi wala bajeti walikuwa wameshapanga kitu ambacho baraza langu lenye mwenyekiti na katibu na kabati la mafaili halikuwa nacho. Siku ile sikukiona kwa sura hiyo, nimekuja kukiona baadae nikiwa kwenye ile ngazi.

Nikavua viatu, nikapandisha nguo, nikawafuata. Nimefunga mwani vibaya, wakanielekeza, tukazungumza humo humo majini. Hawakuniuliza chama. Waliniuliza bei ya mwani kwa kilo, na kwa nini ile kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa maji yakiwa ya moto, na kama nikishinda ntarudi au ndo kwaheri. Hotuba yangu ilibaki kwenye mkoba.

Hili si jambo jipya, wakubwa zetu walilijua. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955, Dar es Salaam, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuwaita uwanjani akawasubiri, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma ambako wanawake walikuwa wanakutana tayari, na yeye mwenyewe alikuwa muimbaji wa ngoma, akazungumza nao pale. Na wakati huo huku Zanzibar mwanamke hata kura hana, uchaguzi wetu wa kwanza Julai 1957 wamepiga wanaume tu. Nawatajia mwaka huo mana ni juzi tu, bibi yangu mie aliyenilea alikuwa mtu mzima anaangalia wanaume wanakwenda kupiga kura.

Sasa saivi nawaona vijana mnaniambia bi, mambo ya kutembea yamepitwa, ingia TikTok. Sikatai. Lakini jiulizeni aliye TikTok usiku saa tatu ni nani na aliye jikoni saa tatu ni nani. Mie kitu kilichonifaa ni kurikodi sauti dakika mbili nairusha kwenye grupu la WhatsApp la shehia, mana mama anaweza kuisikiliza huku anakuna nazi, haimtaki akae wala asome. Na redio, jamani msiidharau redio, kina mama wengi huku wana kisimu cha kitochi na redio bas, na huku Micheweni redio ya jamii ipo. Na jengine, usijifanye. Nilijaribu wiki moja kuzungumza Kipemba ili nionekane mwenyeji, watu wakawa wananiangalia tu. Nikarudi kwenye lafdhi yangu ya kwetu, nikasema mie wa Makunduchi, nimeolewa hapa, watoto wangu Wapemba, na ndo waliponifungulia milango.

Na kuna swali utaulizwa dada yangu ukigombea, kila kijiji, mara nyengine na mwanamke mwenzio: "Watoto umemwachia nani?" Mgombea mwanamme ana watoto tisa hakuna anayemuuliza. Inauma. Lakini mie nnavoona usilikasirikie hilo swali, lijibu. Nilikuwa nasema nimemwachia mama mkwe wangu, na baba yao leo kawapikia, na mkubwa kampeleka chuo cha Kurani, na kisha nauliza, na nyie hapa mkienda hospitali Chake mnamwachia nani? Bas hapo mkutano unageuka, kila mtu ana lake la kusema, na mie napata kujua shehia ile skuli ya maandalizi iko mbali kiasi gani. Lile swali lililokuwa la kunishusha ndo likawa mlango wa kuingilia kwa watu nisiowajua.

Nyie mabinti mnamtazama Rais Samia mnaona ni jambo rahisi. Yeye aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, ana watoto wanne, akaja kuwa mbunge wa jimbo la Makunduchi 2010, Ikulu ameingia Machi 2021. Hiyo ni miaka 20 na zaidi ya safari na vikao, na binti yake Wanu na yeye akaja kuingia Baraza. Nyuma ya miaka hiyo kuna watu waliolea, na hao hawatajwi. Mume wangu mie alikuwa akichekwa maskani, eti mkewe yuko kwenye vikao yeye anabeba mtoto kwenda kliniki. Aliendelea kwenda. Nataka vijana wa kiume muliosogea mbele mlisikie hilo, mana mtaoa wanawake wenye uwezo, na kama hamtoshika mtoto basi hao wanawake hawatofika popote hata wawe na akili vipi.

Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 inawapa wanawake viti maalum asilimia 40 ya idadi ya majimbo, majimbo 50, kwaiyo viti 20 pale Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Ni jambo kubwa na walilipigania watu. Lakini kiti bila ya pahala pa kumlaza mtoto ni kiti cha mwanamke ambaye watoto wake wameshakuwa wakubwa, au hana, au ana pesa ya kuweka msaidizi. Mjumbe wa Pemba anapanda boti kwenda Unguja na kikao kinachukua wiki. Mbunge ndo zaidi, Bunge la bajeti Dodoma linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, miezi mitatu, na mtoto anayenyonya hapelekwi kwa WhatsApp.

Kwaiyo mnapokwenda kwenye mabaraza yenu, hata ya shehia, hata kamati ya skuli, anzeni na vitu vidogo. Chumba kimoja chenye mkeka na maji. Ratiba itoke mapema na isigongane na bamvua, na kalenda ya maji kila mvuvi anayo kichwani, mnamuuliza tu. Mjumbe akitoka kunyonyesha hoja isihojiwe mpaka arudi, dakika kumi na tano haziui baraza. Mie hilo la mwisho nililiomba kwa maandishi, sikujibiwa, na nimelileta hapa mana kuna madiwani watatu wamekaa humu na nimewaona.

Haya, maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma mwenye mtoto, namuona keshaanza kumtikisatikisa na gari ya Konde inaondoka saa kumi na moja na nusu. Mpeni kipaza sauti, na mtoto niletee mie hapa mbele nikushikie.