Maji ya Fukushima na mifupa ya dagaa

Mwangaluka! Nawasalimu mama zangu wa dagaa, kaka zangu wavuvi, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma.

Mmesikia habari za Japani kumwaga baharini maji ya mtambo wake wa nyuklia, kisha mkasikia kwamba Kenya imeitaja Siaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, kuwa sehemu inayofikiriwa kwa mtambo wa umeme wa nyuklia. Swali nililolikuta hapa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, ni moja: maji yake yatamwagwa wapi?

Tuanze na Japani. Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami viliharibu mtambo wa Fukushima Daiichi. Maji yanayopoza fueli iliyoyeyuka, pamoja na ya mvua na ya ardhini yanayopenya kwenye majengo, yamekuwa yakikusanywa mpaka yakajaza matangi zaidi ya 1,000. Agosti 24, 2023 wakaanza kuyatoa kidogo kidogo, kupitia handaki la kilomita moja chini ya bahari.

Kwanza yanasafishwa. Vitu vya mionzi viitwavyo sizi na strontiamu hunaswa kwa sehemu kubwa, ila kingine, tritiamu, hakikamatiki. Ukichuja chai, majani yanabaki na sukari inapita. Tritiamu ni zaidi ya sukari, kwa sababu ni haidrojeni yenye mionzi ambayo imekwisha kuwa maji yenyewe. Basi wanayazimua kwa maji ya bahari hadi tritiamu ishuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita, bekereli ikiwa ni kipimo cha mionzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikagua mpango huo na mwaka 2023 likasema unalingana na viwango vya usalama. China ilizuia samaki wa Japani hata hivyo. Mimi hesabu hizo nazikubali, na sitaki mtu atoke hapa na hofu isiyo na sababu.

Ninachokataa ni kuichukua hesabu ya bahari na kuileta ziwani.

Samaki wa baharini amezungukwa na chumvi, kazi ya mwili wake ni kuitoa. Wa maji baridi anaipata kwa shida, akiipata anaing'ang'ania. Sasa sizi mwilini hupita njia ya potasiamu, na penye potasiamu haba samaki hubeba sizi zaidi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, samaki wa baadhi ya maziwa ya Sweden na Norwei walikaa nayo miaka mingi.

Strontiamu nayo hufuata njia ya kalsiamu, inakwenda kwenye mifupa. Hapa naomba mnisikilize sana, mama zangu. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Dagaa tunamla mzima, kichwa na miiba, na mtoto tunamsagia kwenye uji wake. Kiwango kilichopigiwa hesabu kwa mtu anayekula mnofu mtupu hakimkingi mtoto huyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Halafu ziwa hili lina mlango mmoja wa kutolea maji, Mto Nile pale Jinja. Maji yake mengi huondoka kwa jua, kama mvuke. Tritiamu itapanda na mvuke huo. Sizi haipandi, inabaki kwenye tope wanakotafuta chakula samaki.

Kwa hiyo kipimo kianze leo, kabla hata msingi haujachimbwa: maji, tope, mapanki, dagaa mzima. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania tayari hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Tuiombe ipime na hivi tunavyovila wenyewe, na wenzetu wa Kenya na Uganda wapime kwa namna ile ile, ili siku ya mabishano tuwe na namba za kulinganisha.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama dagaa wake wa leo wana mionzi ya mtambo. Hapana, mama, hakuna mtambo wowote wa nyuklia kando ya ziwa hili. Ila nipimie sado moja, wasichambuliwe vichwa. Nitawapeleka maabara wakiwa hivyo hivyo wazima.