Kabati la Kioo na Kopo la Maziwa
(Mhadhara kwa wenye maduka ya rejareja, Wete, Pemba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliofunga maduka alasiri hii mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana, najua saa hizi ndizo za biashara.

Nianze na kwangu. Duka langu mnalijua. Miaka mitano nyuma niling'oa nondo na kaunta ili mteja aingie achague mwenyewe. Vitu vikaanza kupotea. Mwaka jana nikanunua kabati la kioo, nikalitia kufuli mbili, ndani nikapanga maziwa ya kopo ya watoto wachanga, nyembe, betri na mafuta ya nywele. Nikalala usingizi.

Siku moja Adhuhuri akaingia mama na mtoto mgongoni, anataka maziwa. Ufunguo umo mfukoni mwa kijana wangu, na kijana yuko msikitini. Yule mama alilitazama kopo nyuma ya kioo, akaniangalia mimi, akatoka. Alivuka njia akanunua kwenye duka la dirisha, ambalo mwenyewe yupo palepale nyuma ya nondo zake. Hajarudi tena.

Haya yamewafika Wamarekani kwa kipimo kikubwa kuliko changu. Kwao ndiko ulikoanzia mtindo wa mteja kujichukulia: mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, mteja akapewa kikapu, akapita baina ya rafu, akalipa anapotoka. Kabla ya hapo walinunua kama tunavyonunua mitaani kwetu, unasimama mbele ya kaunta, unataja, unapimiwa. Saunders alipunguza wauzaji, gharama ikapungua, na macho nayo yakapungua. Leo maduka yao mengi yamefungia dawa ya meno, sabuni ya kufulia na nyembe ndani ya vioo. Mteja anabonyeza kengele, anangoja mtu mwenye ufunguo. Mwanzoni mwa 2025 Tim Wentworth, aliyekuwa mkuu wa Walgreens, kampuni ya maduka ya dawa, alikiri mbele ya wawekezaji kwamba ukifunga vitu, unauza vichache. Huyo alikuwa akisimamia maelfu ya maduka, na mimi nililijua hilo kwa mama mmoja.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo nilipokosea. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani lilisema mali iliyopotea madukani mwaka 2022 ilifika thamani ya dola bilioni 112.1. Ukisikia hivyo, unaona majambazi tu. Lakini katika hesabu hiyohiyo, wizi wa watu wa nje ulikuwa asilimia 36. Wizi wa wafanyakazi 29. Makosa ya hesabu na ya uendeshaji, 27. Na Desemba 2023 shirikisho hilohilo lililazimika kuondoa dai lake kwamba karibu nusu ya hasara ya 2021 ilitokana na magenge ya wezi. Watu wenye kompyuta na mahasibu walikuwa wamemtaja mwizi kabla ya kuhesabu.

Sisi tuna msemo wetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunausema tangu udogo, na wangapi humu wana daftari la mali, si la madeni? La madeni sote tunalo.

Nilikaa siku tatu nikahesabu kopo kwa kopo. Stoo nilikuta katoni mbili zimetoka kwa muuzaji wa jumla hazikutimia, na mimi nilikuwa nikitia saini kabla ya kufungua. Mengine yalikuwa yamechukuliwa na watu wa nyumbani kwangu, hakuandika mtu. Mengine yalipitwa na tarehe, tukayatupa kimya kimya. Yaliyobaki bila maelezo ni makopo matatu. Matatu, ndugu zangu, na mimi nimenunua kabati la kioo.

Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanapoeleza wizi wanataja sharti la hirz, yaani mali iwe imehifadhiwa pale panapohifadhiwa mfano wake, kwa ada ya watu. Neno hilo ndilo tuliloligeuza sisi tukapata hirizi. Dhahabu ina hirz yake, na mboga ina yake. Na wamesema pia kuwa mlinzi mwenyewe, akiwa yupo na anatazama, ni hirz. Mimi nilimwondoa mlinzi, nikavaa hirizi ya kioo. Simu na vocha zifungeni, sina ugomvi. Lakini maziwa ya mtoto yawekeni karibu na pale mnapokaa, kisha mkae.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonileta hapa.

Kabla ya kuhesabu, nilikuwa na mtu wangu ninayemdhania. Mtoto wa miaka kumi na moja, anapita akitoka chuoni kusoma Kurani, anazunguka rafu, hanunui. Jioni moja nilimshika mkono mlangoni, nikasema mwizi. Mnajua neno hilo likitoka barabarani linavyoita watu, na wanavyokuja na mikono yao. Allah alimnusuru, mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama kati. Mkoba ukafunguliwa mbele ya kadamnasi. Ndani mlikuwa na juzuu na kipande cha muhogo wa kuchoma.

Nilipomaliza kuhesabu nilikwenda kwao. Baba yake alinikaribisha barazani, akanitilia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe. Nikaomba nimuone mtoto nimtake radhi mwenyewe. Aliitwa mara mbili. Hakutoka. Na mpaka leo akitoka chuoni huvuka njia kabla hajafika kwangu.

Karibuni kwa maswali.