Neno "post" na mababu zake watatu

Wakubwa zangu, shikamooni. Na wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, nami nimechagua "post". Sababu mojawapo iko nje ya ukumbi huu, ambako makonda wanaita "Posta! Posta!" tangu alfajiri hadi usiku. Nyingine ni kwamba wengi wenu mnafanya kazi ya kutafsiri, na neno hili huwasumbua. Fungueni kamusi yoyote ya Kiingereza: "post" ni nguzo, ni barua, ni cheo kazini, ni lindo la askari, ni kuingiza hesabu kwenye leja, ni kuweka picha mtandaoni, na likibandikwa mwanzoni mwa neno jingine ni "baada ya".

Wengi huhitimisha kwamba Waingereza wamelibebesha neno moja mizigo yote hiyo. Sikubaliani nao. Pale pana maneno kadhaa yaliyokutana kwenye tahajia moja, na kila moja lina kwao. Jambo hili si geni kwetu. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna ndege anayepaa. Tunayatamka sawa, lakini hakuna mwalimu anayewaambia watoto kwamba yule mnyama na lile bati ni ndugu.

Kwa "post", mababu ni watatu, na wote ni Walatini.

Wa kwanza ni "postis", yaani mwimo wa mlango. Waingereza wakalipanua likawa nguzo yoyote iliyosimikwa. Nguzo ikisimama mahali pa watu wengi, matangazo hayachelewi kubandikwa juu yake. Tazameni nguzo za umeme za Manzese au Mbagala: karatasi juu ya karatasi, chumba cha kupanga, fundi wa friji, mganga wa kienyeji, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu nene, na gundi imetiririka hadi chini. Kwa Kiingereza, kitendo hicho cha kubandika kinaitwa "to post". Mwaka 1978, Ward Christensen na Randy Suess wa Chicago walipotengeneza mfumo wa kuachiana ujumbe kwa kompyuta kupitia simu, waliuita ubao wa matangazo, na waliokuwa wakiweka ujumbe humo wakasemwa kwamba wanabandika. Ndiyo maana kijana anayesema leo "nimeposti picha" ametumia neno la ukoo wa nguzo. Ukoo wa barua ni mwingine kabisa.

Huo wa barua ndio ninaoupenda zaidi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Babu wake ni kitenzi "ponere", yaani kuweka. Kitu kilichowekwa ni "positum", na kwa jinsia ya kike ni "posita". Kaisari Augustus alitaka habari za majimbo zimfikie upesi, akaweka vijana kwa umbali maalumu kando ya barabara za jeshi ili wapokezane ujumbe. Baadaye akaweka magari. Utaratibu wa namna hiyo ulikuwepo pia katika dola ya Wamongolia, na Marco Polo, aliyefika huko katika karne ya 13, alieleza vituo vyao ambamo farasi walikuwa wakingoja wamefungwa tayari. Waitaliano walikiita kituo cha aina hiyo "posta": mahali palipowekwa farasi na mtu.

Sasa angalieni neno linavyosafiri. Kwanza ni kituo. Kisha ni mpanda farasi anayetoka kituo kimoja kwenda kingine. Kisha ni mfuko aliobeba, kisha barua zilizomo, na mwisho ni taasisi nzima. Uingereza, mfalme Charles wa Kwanza aliruhusu raia kutumia huduma hiyo mwaka 1635; kabla ya hapo ilikuwa ya mfalme na watu wake. Mwaka 1840 ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika, ile nyeusi ya peni moja.

Dar es Salaam ilipata ofisi ya posta ya Wajerumani mwaka 1890. Mwanzoni zilitumika stempu za kwao Ujerumani, lakini hapa pwani watu walikuwa wakinunua na kuuza kwa rupia na pesa, ambapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1893 Wajerumani wakazigonga stempu zao chapa mpya juu yake. Ichukueni ile ya fenigi kumi: katikati ana tai wa dola, kwenye ukingo pameandikwa "REICHSPOST", na juu ya yote, kwa wino mweusi, "PESA 5". Karatasi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba imebeba neno la Kilatini lililopitia Italia hadi Berlin, na neno la Kihindi lililovuka bahari hadi kwetu. Kila ninapoiona stempu ile napata furaha ambayo siwezi kuificha.

Kisha jiji hili likafanya jambo lake. Tunasema "nashuka Posta", "tukutane Posta ya Zamani", wala hatuna barua mkononi. Posta kwetu ni mahali. Konda anayeita jina lile amelirudisha neno kwenye maana iliyokuwepo kabla ya barua: kituo, mahali pa kupanda na kushuka. Msimwambie kwamba anakosea.

Ndugu wa "posta" ni "posto", naye ni mtoto wa "ponere" vilevile, akaingia Kiingereza kupitia Kifaransa akiwa na maana ya mahali alipopangiwa mtu. Ndiko inakotoka "post" ya cheo na ile ya askari. Hapa watafsiri muwe waangalifu. Ile sauti ya tarumbeta inayopigwa kwenye mazishi ya kijeshi, "Last Post", ukiiandika "posta ya mwisho" umempoteza msomaji. Ilikuwa ishara kwamba ofisa wa zamu amekwisha kukagua lindo la mwisho kambini, na usiku umetulia. Tuna neno lindo, tulitumie.

Babu wa tatu ni neno dogo la Kilatini lenye maana ya "baada ya". Halina shida: "p.m." ni baada ya adhuhuri, na uchunguzi wa maiti ni "postmortem". Ila kuna mtego mmoja, "posthumous", linalotumika kwa kitabu kilichotoka baada ya mwandishi kufariki. Lile "hum" la katikati hufanya watu wadhani linahusu udongo wa kaburi. Kilatini chenyewe kilikuwa "postumus", yaani wa mwisho kabisa, hasa mtoto aliyezaliwa mwishoni au baada ya baba yake kufa. Waandishi wa zamani waliwaza "humus", udongo, wakachomeka "h" ambayo haikuwepo.

Nimeona swali la kijana wa nyuma kuhusu "compost", ile mboji ya bustanini, kama nayo imo. Imo, na ni ya ukoo wa pili. "Compositum" ni vitu vilivyowekwa pamoja: majani, maganda ya ndizi, majivu, samadi. "Deposit" ya benki ni ndugu yake. Na "impostor", tapeli anayejifanya mtu mwingine, naye ni wa humo humo: anatoka kwenye "imponere", kuweka juu, ambalo kwa Walatini lilikuwa pia na maana ya kumwekea mtu uongo akauamini.