Nuray, Sevim na Yule Mwalimu: Filamu ya Kituruki Iliyonikosesha Usingizi

Asalaam aleikum, mambo vipi watu wa nyumbani! Leo nipo jikoni hapa Izmir, Uturuki, mvua inapiga kweli, kwa hiyo mkisikia kelele za bati msinigombeze.

Wengi mmeniuliza, dada, hivi wanawake wa huko ni kama wale wa kwenye tamthilia? Mama mkwe mwenye hila, binti wa kimaskini kapendwa na tajiri, jumba linatazama mlango-bahari wa Bosphorus pale Istanbul? Sasa leo nawaletea kitu kingine kabisa. Filamu inaitwa Kuru Otlar Üstüne, ya Nuri Bilge Ceylan, ya mwaka 2023. Dakika 197! Andaeni chai kabisa, maana humo watu wanaongea, theluji inaanguka, wanaongea tena.

Samet ni mwalimu wa sanaa, kapangiwa shule ya kijijini mashariki ya Uturuki, na roho yake yote ipo kwenye uhamisho wa kwenda Istanbul. Walimu mliopangiwa vijijini, huyu mnamjua. Darasani ana kipenzi chake, binti mdogo anaitwa Sevim, mpaka vizawadi anampa. Siku moja mikoba ya wanafunzi inapekuliwa, Sevim anakutwa na barua ya mapenzi. Inaishia mikononi mwa Samet. Mtoto anakwenda kuiomba. Samet anamwambia nimeshaichana. Uongo! Anayo. Na Sevim anajua kwamba anayo. Mtazameni yule mtoto usoni hapo, anaitwa Ece Bağcı, hapandishi sauti wala nini, lakini heshima kwa mwalimu ndiyo imekwisha. Baadaye Samet na mwenzake Kenan wanashtakiwa kwamba wanawazoea wasichana kupita kiasi, na Samet anaumia kuliko mtu yeyote duniani. Anajihurumia huyo!

Halafu kuna Nuray. Mwalimu wa mji wa jirani, mwanaharakati, kapoteza mguu kwenye shambulio la bomu. Kwenye tamthilia zetu mwanamke kama huyu angewekwa pale aonewe huruma. Hapa anawaalika Samet na Kenan chakula cha jioni, Samet anaficha mwaliko wa mwenzake na kwenda peke yake, na Nuray anamkalisha mezani anamhoji: wewe unaamini nini? Unamfanyia nini mtu mwingine zaidi ya kulalamika? Jamaa anapindapinda maneno, Nuray hamwachii. Mimi nilisimamisha nikarudisha nyuma nimsikilize tena.

Merve Dizdar, aliyecheza Nuray, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mturuki wa kwanza kuipata. Tuzo hiyo akawatunukia wanawake wenzake wasiokata tamaa. Ilikuwa siku moja kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Mei 2023, basi wapenzi wa serikali wakamjia juu. Kumbukeni hii ndiyo nchi iliyokuwa ya kwanza kuridhia Mkataba wa Istanbul wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, kisha 2021 ikajitoa.

Sasa ugomvi wangu na filamu. Usiku ule ule wa chakula kwa Nuray, kabla hawajalala pamoja, Samet anatoka mlangoni na kamera inamfuata, kumbe kule nje ni studio! Anapita katikati ya mitambo, anaingia msalani, anameza kidonge, anarudi. Wachambuzi wameisifu sana. Mimi nikasema, alaa! Kwa hiyo mwanamume ana mlango wa kutokea nje ya filamu nzima, na Nuray kaachwa chumbani anamsubiri. Hata sauti ya mawazo tunayoisikia ni ya Samet. Sevim tunamwona kwa macho ya Samet mpaka mwisho. Wakurdi, ambao lile ni eneo lao, wengi wako pembeni pembeni, wanapita na theluji.

Mkitaka saikolojia inayokaa upande wa wanawake, tafuteni Tereddüt ya Yeşim Ustaoğlu, 2016: daktari wa akili na msichana aliyeozwa akiwa mdogo. Nzito, msitazame na watoto.

Na kuna wanawake ambao hata pembeni hawapo. Hapa Izmir na vijiji vyake wapo Waturuki weusi, vizazi vya Waafrika walioletwa utumwani enzi za Waosmani. Marehemu Mustafa Olpak, aliyeanzisha chama chao 2006, aliandika historia ya ukoo wake kutoka Kenya hadi kisiwa cha Krete hadi Istanbul. Kenya, jamani, hapo hapo! Wana sikukuu yao, Dana Bayramı, yaani Sikukuu ya Ndama. Bibi wa ukoo kama huo, akae mezani kama Nuray na kumbana mtu kwa maswali, kwenye filamu kubwa ya Kituruki mimi bado sijamwona.

Haya, niandikieni hapo chini: Samet mngemwachia binti yenu darasani? Mashemeji zangu wa Tanga najua mtamtetea, nawasubiri.